Rambirambi Haitibu Macho

Jumuiya yetu ya wana Malolo tunaoishi Uswidi ina sifa moja ambayo hakuna wa kutunyang'anya: hatuchelewi msibani. Akifariki mtu kijijini Malolo, wilayani Ruangwa, asubuhi, kabla ya magharibi kundi letu la WhatsApp limeshajaa pole, michango imeshaingia kwa mweka hazina kwa Swish, malipo ya simu ya huku, na mtu wetu aliyeko Ruangwa mjini ameshapokea fedha kwenye simu. Sanda, jeneza, turubai, mchele wa matanga, vyote vinapatikana. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba mtu tunamkumbuka akishakata roho, ilhali miaka kumi kabla ya hapo hakuna aliyemuuliza kama bado anaona vizuri.

Nina bibi mmoja akilini. Jina silitaji, kwa kuwa angali hai na mwenyewe hapendi kutajwatajwa. Hata hivyo wengi wenu mtamtambua, maana ndiye aliyewashikisha kalamu wazazi wenu.

Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, sehemu kubwa ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma. Takwimu za 1967 zilionyesha kama theluthi mbili. Mwaka uliofuata wilaya sita zikapewa kazi ya kuufuta ujinga kabla mwaka haujaisha, na majirani zetu wa Masasi wakiwamo. Vuguvugu hilo halikusubiri mpaka wa wilaya. Malolo, wakati ule ikiwa bado ndani ya wilaya ya Nachingwea, palitafutwa mtu yeyote aliyemaliza shule akae na wazee mchana wakishatoka shamba. Akapatikana yeye, binti mwembamba ambaye nusu ya wanafunzi wake walikuwa na umri wa mama yake.

Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa weusi wa betri kuukuu za redio, uliopondwa pamoja na majani mabichi ili ushike. Kuna mzee aliyekuwa akishika penseli kama mpini wa jembe, akaivunja, akaletewa nyingine, akaivunja nayo. Binti akaacha kumwelekeza kwa maneno. Akapiga magoti kando yake, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mzee, wakaandika wote wawili jina lake, herufi moja baada ya nyingine. Mjukuu wa mzee yule anaishi Göteborg na ni mlipaji ada mzuri wa jumuiya hii.

Ulipofika mwaka 1973 na kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, yeye huyo ndiye aliyekuwa akiwasomea kijitabu wana kikundi baada ya kipindi cha redio, kisha anapita nyumba kwa nyumba kutazama nani amechimba choo na nani amechimba maneno. Mtihani wa kwanza wa kisomo wa taifa zima ulipofanyika 1975, alipanga wanafunzi wake chini ya mwembe uleule. Kufikia 1986 serikali ilikuwa ikisema wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Tarakimu hiyo imesifiwa kwenye vitabu vingi, na waliosifiwa ni mipango, wizara na wafadhili. Aliyepiga magoti hamumkuti humo.

Kisomo kilipolegea, hakurudi nyumbani kupumzika. Alikusanya watoto wadogo akawafundisha kuhesabu kwa korosho mbichi, maganda na yote. Mishahara ya walimu wa aina yake haikuwahi kuwapo. Alilipwa kwa mbaazi, kwa muhogo mkavu, na mwaka wa njaa kwa ming'oko iliyochimbwa porini. Kwa kuwa hakuwahi kuandikwa popote kama mwajiriwa, leo hana kiinua mgongo wala pensheni.

Upande wa kanisa nao ni hadithi ndefu. Jimbo Katoliki la Nachingwea liliundwa 1963 chini ya Askofu Arnold Cotey wa shirika la Wasalvatoriani, na likageuka kuwa Jimbo la Lindi 1986. Karatasini ni majina na tarehe. Kigangoni ni jambo jingine: padre ana vigango vingi, barabara ya vumbi ikilowa haipitiki, basi Jumapili nyingi kanisa linasimamishwa na katekista na akina mama. Bibi wetu alifua vitambaa vya altare, akavipiga pasi ya mkaa, akafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, akatunza daftari la WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, tangu chama hicho kikiwa kichanga (kilianzishwa 1972), na akawa wa kwanza kufika kwa mgonjwa akiwa na uji kwenye kibuyu. Daftari lile nimelishika mwenyewe. Mwandiko ni wa darasani, umenyooka, na kila senti imeandikwa, hata ya sabuni.

Malolo, kama Lindi yote, Waislamu ndio wengi, na hapo ndipo ninapompenda zaidi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anawahisha darasa ili akina mama wapate muda wa kuandaa futari. Hakuna mwanafunzi aliyeulizwa dini yake kabla ya kupewa chaki. Alipougua mwaka juzi, waliomchotea maji zamu kwa zamu walikuwa watoto wa msikitini, na maji pale mnajua yanavyopatikana.

Lakini watu kama yeye siyo wanaotajwa kwetu. Nachingwea inajulikana kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa vibaya, na kwa kambi ya FRELIMO alikokuwa Samora Machel. Ruangwa inajulikana kwa timu ya soka ya Namungo na kwa mwanasiasa Kassim Majaliwa. Tukiingia kwenye huduma za watu, tunamkumbuka Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyefanya upasuaji Mnero kuanzia 1949 kabla ya kuwa Waziri wa Afya. Sisi tunaoishi huku Uswidi tunajivunia pia Mama Barbro Johansson, mzaliwa wa Malmö wa mwaka 1912, aliyetumwa na kanisa Tanganyika 1946, akafundisha wasichana Kashasha kule Bukoba, akaingia Bungeni, akachukua uraia wetu, akaongoza shule ya wasichana ya Tabora, na tangu afariki 1999 amebaki na shule yenye jina lake pale Luguruni, Dar es Salaam. Anastahili. Wala simwonei gere. Ila kila Barbro aliyeandikwa alikuwa na wanawake wa kijijini waliofanya kazi ileile bila kuandikwa, na hao ni wetu sisi kuwatunza, si wa wizara ya mambo ya nje ya nchi yoyote.

Msiniambie serikali ipo. Ipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitamka matibabu ya bure kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza. Bibi wetu ana kitambulisho cha mzee. Amekwenda nacho zahanati, akahudumiwa kwa heshima, kisha akaandikiwa karatasi akanunue dawa dukani. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii, iliyoanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Bara hatujafika huko. Na huku tunakoishi mnajua vizuri: hata mama ambaye hakuajiriwa siku moja ana pensheni ya chini kabisa ambayo dola inamhakikishia, mradi ameishi nchini miaka inayotakiwa. Tunalipa kodi ili bibi za wenzetu wazeeke vizuri, na hilo ni sawa. Bibi zetu je?

Sasa jicho lake la kushoto limefunga kwa mtoto wa jicho na la kulia linafuata. Masomo ya Jumapili anayasikiliza tu. Nilipompigia simu hakulalamika, aliniuliza kama huku theluji imeanguka, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kusoma nimeshasoma sana, wacha na wengine wasome." Nikamuuliza amekwenda hospitali lini. Akacheka. Kutoka Malolo hadi hospitali ya Nyangao au ya Ndanda kunahitaji nauli, mtu wa kumsindikiza, na chakula cha siku ambazo hawatakuwapo nyumbani. Fedha hizo zote kwa pamoja hazifikii turubai na mchele tutakaomtumia siku akiondoka.

Hoja ninayoipeleka mkutano mkuu ni hii: theluthi moja ya mfuko wa rambirambi wa jumuiya itengwe kwa ajili ya wazee walio hai waliowahi kuitumikia Malolo bila mshahara. Nimeshasikia maneno ya chini kwa chini. Wengine wanasema tutagombana kuhusu nani anastahili. Tutagombana, ndiyo, lakini kigango kina daftari, msikiti una wazee wake, na serikali ya kijiji ina mwenyekiti. Hao watatu wakikaa pamoja wataleta orodha bora kuliko yoyote tutakayoiandika sisi tukiwa Stockholm. Wengine wanahofia kwamba msiba ukija mfukoni patakuwa pakavu. Hofu hiyo nina jibu lake: hakuna msiba wa Malolo uliowahi kukosa mchango wa papo kwa papo, mfuko uwepo usiwepo. Na kuna mmoja, mtu ninayemheshimu, aliyesema kwamba kumpa mtu fedha akiwa hai ni kumzoesha. Kwake nina swali tu, na nitamuuliza mbele ya wote: yule binti chini ya mwembe alipomshika baba yako mkono, aliogopa kumzoesha?

Wakati mkutano unasubiriwa, nauli ya Nyangao na ya msindikizaji imeshapatikana kwa wanachama wanne ambao hawakutaka kutajwa. Safari imepangwa baada ya mavuno ya ufuta, kwa sababu Bibi amekataa katakata kuondoka kabla hajaona ufuta wake umefungwa vitita.