Sala Haina Wakala

Washa redio usiku wa manane Dar es Salaam, zungusha masafa taratibu, usikilize. Mtumishi anaomba kwa sauti iliyokauka. Katikati ya maombi anakatisha kidogo ataje namba ya kutuma sadaka, jina litakalotokea kwenye simu, na onyo dhidi ya matapeli. Kisha anarudi kwa Mungu. Upande wa pili, huko Mbagala, mama mmoja amekaa kitandani, kiganja juu ya redio kama alivyoelekezwa, chupa ya maji ya nusu lita imefunguliwa kifuniko ipate upako. Anasubiri. Yeye haombi, anaombewa.

Niseme bila kuzunguka. Ukristo wetu wa sasa umempokonya muumini kazi yake ya kwanza, ukampa mtu mwingine aifanye kwa malipo, na muumini amefurahi kutuliwa mzigo. Viwanja tunajaza. Mikesha tunakesha, na spika zetu zinawanyima majirani usingizi hadi alfajiri. Lakini mchukue mmoja wa wakeshaji hao, mwache chumbani peke yake nusu saa, bila kinanda, bila mtu wa kumpigia kelele za "pokea!", uone kama anajua pa kuanzia.

Pesa utatoa kwa wakala, umeme utanunua kwa wakala, hata bima ya gari siku hizi ni kwa wakala. Sala haina wakala. Hakuna kibanda duniani ambacho mwenyewe ameidhinishwa kupokea moyo wako na kuufikisha mbinguni kwa niaba yako. Injili ya Mathayo inasimulia kwamba Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka toka juu hadi chini. Nyuma ya pazia hilo alikuwa akiingia mtu mmoja tu, kuhani mkuu, tena mara moja kwa mwaka. Likapasuka. Sisi tumetafuta uzi na sindano tukalishona upya, na mlangoni tumemweka bwana mwenye suti anayeuliza umekuja na bahasha ya shilingi ngapi.

Anayedhani napiga kelele bure akumbuke Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, umati ulialikwa kukanyaga mafuta ya upako. Watu wakakimbilia, wakasukumana, wakakanyagana. Ishirini wakafa, wakiwamo watoto. Na hii ni Moshi, chini ya mlima ambao Wakatoliki na Walutheri wamefundisha katekisimu tangu miaka ya 1890, hadi vijijini kabisa kuna kanisa, shule na zahanati! Marehemu siwalaumu hata kidogo. Walikuwa na shida, na mwenye shida hukimbia. Nalaumu mafundisho yaliyowaaminisha kwamba Mungu yuko mita chache mbele yao, pale palipomwagwa mafuta, na kwamba atakayechelewa amemkosa.

Na makanisa makongwe yasijifiche nyuma ya mitume na manabii wa mjini. Njoo Jumapili yoyote. Matangazo yanasomwa mpaka watoto wanasinzia. Ahadi za jengo, deni la kinanda kipya, kamati ya harusi, safari ya kwaya. Baada ya ibada ni mnada: mkungu wa ndizi unapanda bei, jogoo anazungushwa kichwa chini miguu juu, mzee wa kanisa anataja majina ya wanaomudu. Jogoo huyo atatumia muda mrefu kuliko sala yote ya kanisa, ambayo ilisomwa mbiombio kwa niaba ya wagonjwa, wasafiri, viongozi wa nchi na mvua. Nenda kwenye jumuiya ya mtaani. Mwenyekiti anamwomba mama fulani afunge kwa sala. Mama anacheka kwa aibu, anamwangalia katekista. "Mwalimu si yupo?" Amebatizwa, ameolewa kanisani, amezika wazazi wake kanisani, na hajawahi kufundishwa kwamba sauti yake yenyewe inasikika huko juu. Halafu akihamia kwa nabii, paroko anashangaa.

Ndugu zangu Walutheri hili linawahusu zaidi. Mwaka 1535 kinyozi wake Luther, jina lake Peter, alimuuliza namna ya kuomba. Luther alikuwa na kila sababu ya kumwambia, "Wewe nyoa, mimi nitakuombea." Hakufanya hivyo. Alimwandikia kijitabu kizima: chukua Sala ya Bwana, chukua Amri, chukua Imani, pita polepole, na akili yako isitangetange, kama ambavyo kinyozi mzuri haondoi macho kwenye wembe. Kwa kinyozi! Mtu aliyewahi kulivuruga kanisa la Ulaya kwa hasira dhidi ya vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa fedha alikaa chini kumfundisha fundi wa nywele kuzungumza na Mungu mwenyewe. Leo warithi wake wanashindana kutafuta mhubiri wa semina atakayejaza kanisa.

Wala tusiende mbali. Mwaka 1929, Namirembe, Uganda, mlei aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari mmishonari Joe Church waliketi na Biblia wakaomba. Kutokana na moto wa namna hiyo, na ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, uamsho ukatambaa hadi Bukoba, Dodoma na Kenya ya kati. Mmoja wa watu wake, Festo Kivengere, alikuwa mwalimu wa shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Walokole wale wa uamsho huo walikuwa na ukali wao na ubishi wao, sitawapamba. Ila harakati yao haikuwa na mwenye hakimiliki. Walikutana sebuleni na chini ya miti, na mkulima aliomba mbele ya kasisi wake, akamwambia kasisi dhambi zake pia. Kenya ilipowaka katika miaka ya 1950, wapo walokole wa Kikuyu waliokataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Wengine waliuawa. Msimamo wa namna hiyo haununuliwi kwenye chupa yenye stika. Unapatikana kwa mtu aliyezoea kuongea na Mungu wake pasipo shahidi.

Hapa najua nitakaposhikwa. Yakobo hakuagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta? Aliagiza. Soma vizuri basi. Wazee ndio wanaokwenda kwa mgonjwa. Mgonjwa hapandishwi basi kutoka Tabora na mkopo wa kikoba. Wanaitwa wazee, kwa wingi, bila bango la sura ya mmoja wao. Bei haikutajwa. Na mistari miwili baadaye anawataka waumini waungamiane na waombeane, huyu kwa yule na yule kwa huyu. Paulo, mtume kweli kweli, aliwaomba Waefeso wamwombee yeye apewe maneno ya kusema. Niambieni, ni lini mara ya mwisho mtume wenu alipiga magoti mbele ya muuza mchicha akamwomba amwombee?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Hana kule Shilo. Mwanamke tasa, aliyechokozwa miaka na mke mwenziwe, anaingia hekaluni. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi kitini pake karibu na mwimo wa mlango, anamtazama, na hitimisho lake la kitaalamu ni kwamba huyu mama kalewa. Mwenye cheo hakuitambua sala ilipokuwa inaombwa mbele ya pua yake! Hana hakumngoja Eli amwombee. Alikuwa amekwisha kumweleza Mungu uchungu wake wote. Eli aliletwa kwenye kisa hicho mwishoni, kumtakia heri. Mpangilio ni huo. Leo Hana angeandikishwa jina mapokezi, akapewa namba, akaambiwa sadaka ya kuonana na mtumishi faragha ni kiasi gani.

Kuna jambo baya zaidi ya fedha. Biashara hii haiwezi kumhubiri Kristo wa Gethsemane. Pale bustanini Mwana aliomba kikombe kiondolewe, na kikombe hakikuondolewa. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake, akabaki nao. Sala ya Kikristo ina "hapana" ndani yake, na muumini anayeomba mwenyewe, siku kwa siku, hujifunza kuishi na hapana hiyo, akabishana nayo, akalia nayo, na siku moja akakuta imembadilisha. Aliyelipia maombi hawezi kukubali hapana. Amenunua muujiza, anadai muujiza, na usipokuja anaambiwa ana roho za ukoo au sadaka yake ilikuwa ndogo. Akaongeze.

Na asiyeomba mwenyewe hana kipimo. Akisimama mtu akasema "Bwana amesema nami", atampima kwa kitu gani, wakati Bwana huyo yeye hajawahi kukaa naye? Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ulifukuliwa, ikatolewa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Wakuu wa nchi wakazungumzia sheria na usajili wa makanisa. Sawa, sheria ziwepo. Lakini hakuna msajili atakayekaa kichwani mwa muumini saa nabii anapotoa amri.

Nadai mambo machache. Wachungaji, punguzeni mnada, fundisheni watu kuomba kama mnavyowafundisha kulipa ahadi. Kila jumuiya, mtu mmoja mmoja, kwa maneno yake ya Kichaga, Kisukuma au ya kijiweni. Wazazi, sala ya jioni nyumbani ipokezane hadi mtoto wa mwisho. Nawe mama wa Mbagala, izime hiyo redio.

Najua watakaonijibu. Watanitolea Zaburi ya 105, kwamba masihi wa Bwana wasiguswe. Ni nukuu wanayoipenda sana, hasa ukiuliza habari za hesabu. Wanaoitumia waanze na mistari inayoitangulia. Waliolindwa pale ni ukoo mdogo wa wahamaji usio na ardhi wala jeshi, na walioonywa ni wafalme.