Usimimine Mafuta ya Taa Katika Sikio la Mbwa

Wakulima wenzangu, mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si daktari wa mifugo. Lakini nimeona jambo mtaani kwangu ambalo lafaa mlisikie ninyi wa mashambani.

Jirani yangu hapa Jericho, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, alikuwa na mbwa mweusi mpole sana. Mwaka jana mbwa huyo alianza kutikisa kichwa na kujikuna sikio mpaka likatoka damu. Ndani mlikuwa na uchafu mweusi kama machicha ya kahawa. Mtu mmoja akashauri atiwe mafuta ya taa, naye akatiwa. Alilia usiku kucha. Asubuhi mtoto wa nyumba hiyo akamshika kichwa ili ambembeleze, akaumwa mkono. Mtoto akaenda kudungwa sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa akapigwa mawe mpaka akafa.

Uchafu wa namna ile mara nyingi huletwa na utitiri wa sikio, nao una dawa. Huambukiza mbwa na paka wote wa nyumba, kwa hiyo wote hutibiwa pamoja. Wengi wenu hununua watoto wa mbwa huku mjini na kurudi nao shambani kwa basi. Mwangalieni masikio kabla ya kulipa fedha.

Nilipokuwa mwalimu ningaliichora picha hii ubaoni. Njia ya sikio la mbwa si kama yetu. Hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuingia ndani, kama herufi L. Ukichokonoa kwa kijiti chenye pamba, wasukuma uchafu mpaka konani. Na ngozi ya ndani ikiwa imetoboka, hata dawa nzuri yaweza kumfanya mbwa kiziwi. Ndiyo sababu daktari humulika kwa taa kabla hajaandika dawa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye ng'ombe wa gredi hulifanya, nami silipendi. Mtu abakiza dawa ya ugonjwa wa kiwele, aikamua katika sikio la mbwa. Dawa ile hupigana na bakteria. Haiui utitiri wala kuvu, na haitoi kupe wala punje ya nyasi iliyojificha ndani. Sikio lenye usaha wa manjano na sikio lenye nta ya kahawia inayonuka huenda yakahitaji dawa mbalimbali. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo mbaya zaidi, kwani ni sumu.

Watu huniambia, "Karani, nani atalipa daktari kwa ajili ya mbwa?" Mimi nawauliza ni nani hulinda hao ng'ombe usiku. Mbwa mwenye maumivu kichwani halindi kitu, naye huuma wa kwanza kumgusa, na huyo kwa kawaida ni mtoto.

Unaloweza kufanya nyumbani ni dogo: futa sehemu ya nje kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu, zuia watoto wasimguse, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo wa kaunti. Ukipewa dawa ya siku kadhaa, imalize, hata kama ameacha kujikuna. Lakini mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayetoka mate na kuyumba, usimshike sikio kamwe. Mfungie, umwite daktari. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka 1912 na hakijaondoka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile.

Jirani yangu sasa ana mbwa mwingine. Juzi alinibishia mlango akitaka nimtazame masikio. Nilimwambia sina taa ya daktari. Tukachanga fedha, tukakodi gari, tukampeleka Kabete.