MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Motokaa za Waya na Urafiki wa Watoto



Mpunga ukiisha kuvunwa, na shule zikifungwa katika mwezi wa Juni, njia zetu za Ifakara hujaa magari yasiyonunuliwa dukani wala kutiwa mafuta. Ni magari ya waya, ya makopo na ya mabua, ambayo watoto wetu huyaendesha wakikimbia nyuma yake. Wazazi wengine hucheka. Wengine hukasirika wakisema, "Mtoto huyu apoteza siku nzima kwa upuuzi." Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo hilo, kwa maana yamo mafundisho ndani yake ambayo nyumba ya Kikristo haipaswi kuyadharau.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mtoto mdogo huanza na bua la mtama au la mahindi. Hulimenya ganda lake gumu na kulipasua kuwa vijiti vyembamba, na kile kiini laini cha ndani hukikata vipande. Vijiti huwa misumari, kiini huwa mbao. Na kwa vitu hivyo viwili, pasipo gundi wala nyundo, hujenga gari zima. Akikua kidogo huingia katika kazi ya waya. Hukunja kwanza chasisi, ndiyo mifupa ya chini. Kisha nguzo za bodi. Kisha ekseli mbili. Magurudumu huyakata katika ndala iliyochakaa, au hutumia vifuniko vya chupa na vya makopo ya dawa ya viatu. Mwisho huunga waya mrefu utokao kwenye ekseli ya mbele hata mkononi mwake, wenye usukani wa duara juu, apate kugeuza magurudumu huku akitembea wima. Hakuna aliyemfundisha darasani kwamba magurudumu ya mbele hugeuka na ya nyuma hufuata. Ameliona barabarani, akalifikiri, akalifanya.

Nacho akitengenezacho ni nchi yake mwenyewe. Mtoto wa Kidatu ataka lori la miwa lenye trela. Wa Ifakara ataka basi la abiria, au pawatila ivutayo magunia ya mpunga. Akaaye karibu na stesheni hujaribu behewa la TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikapita katika bonde letu. Na tangu Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipofunguliwa rasmi katika mwaka 2018, mtoto wa kando ya mto Kilombero amepata mfano mwingine wa kuiga kwa matete yake juu ya kifereji.

Nanyi walimu, iangalieni hesabu iliyomo. Basi kubwa la abiria lina urefu wa mita 12 hivi. Kijana akilijenga la waya lenye sentimita 48, amelipunguza mara 25. Basi ikiwa gurudumu la basi lina kimo cha mita 1, lile la ndala liwe na sentimita 4. Na mlango wenye mita 2 uwe na sentimita 8. Asipofuata kipimo hicho, wenzake hulitambua kosa mara moja, ijapokuwa hawana rula. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wengi wajengao vielelezo vya motokaa kwa plastiki, na kukutana katika vyama ili waonyeshane kazi zao. Nao pia hutumia sana vipimo vya 1 kwa 24 na 1 kwa 25. Tofauti ni kwamba wao hununua vipande vyote katika sanduku pamoja na karatasi ya maelezo, na huyu wetu huokota vipande vyake, na maelezo yamo kichwani mwake.

Tena yafaa walimu wajue habari za magari madogo ya Matchbox, yaliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1953. Fundi mmoja, Jack Odell, alikuwa na binti aliyeruhusiwa kuchukua shuleni kile tu kienezacho katika kisanduku cha kibiriti. Baba hakugombana na shule. Alimtengenezea mwanawe mtambo mdogo wa kushindilia barabara, ukaenea kibiritini. Na kutoka hapo ikazaliwa kazi kubwa iliyofika duniani pote. Sharti la mwalimu halikuua ubunifu, kwa kuwa mzazi alikubali kuketi na mtoto wake na kufikiri naye.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni ushirika. Gari la waya ni nadra kujengwa na mtoto peke yake. Huyu ana waya, hana ndala. Yule ana ndala, hajui kukunja kona. Koleo ni moja tu mtaani, nayo ni mali ya baba wa mmoja wao. Ndivyo ilivyokuwa hata katika kazi ya Hema jangwani: Bezaleli wa kabila ya Yuda alijaliwa akili ya kazi za dhahabu, mawe na miti, lakini Mungu hakumwacha peke yake; alimpa Oholiabu wa kabila ya Dani awe mwenzake, na wote wawili wakatiwa moyo wa kuwafundisha wengine. Kabila mbili, kazi moja.

Twalisema hili kwa sababu bonde letu lina jeraha. Wandamba na Wapogoro wamelima na kuvua hapa tangu zamani. Wasukuma, Wamaasai na wafugaji wengine wamekuja na ng'ombe zao. Na kwa ajili ya mashamba na malisho umetokea ugomvi, hata damu imemwagika. Sasa nyumba nyingine huwakataza watoto wao kucheza na watoto wa upande wa pili. Wazazi wenzetu, tufikiri. Mashauri ya mipaka yana mabaraza yake, na wazee wayaamue kwa haki. Lakini mtoto anyimwaye ruhusa ya kumgawia mwenzake kipande cha waya hajifunzi neno lo lote juu ya mipaka. Ajifunza chuki tu. Atakapokuwa mtu mzima, ataketije baraza moja na mtu ambaye hakuwahi kushika naye koleo moja? Waacheni wacheze pamoja. Na wasichana wasifukuzwe. Vidole visukavyo ukili vyaweza kukunja waya vizuri sana.

Hata hivyo mchezo huu wahitaji macho ya wakubwa. Mwulizeni mtoto: Waya huu umetoka wapi? Usiwe wa uzio wa jirani, wala wa simu, wala kitu cho chote cha reli. Na waya wa umeme usiguswe kamwe, kwani huua. Wengine huchoma tairi kuukuu wapate waya laini. Moshi wake ni sumu, msiwaruhusu. Bati lenye makali likimkata mtoto, oshane kidonda kwa maji safi na sabuni, mkampeleke zahanati kwa ajili ya pepopunda. Magari haya yaendeshwe uani au uwanjani, mbali na barabara ya malori na bodaboda. Na koleo ya kuazima irudishwe jioni ile ile. Yule mwanafunzi wa manabii zamani za Elisha alilia shoka lilipozama mtoni, kwa kuwa lilikuwa la kuazima.

Mwalimu naye asilikanyage gari aliloliona chini ya dawati. Aliweke juu ya meza mpaka saa ya hesabu, kisha awaambie watoto walipime. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mafundi wa mkondo huo twaweza kuwatambua mapema, wakiwa bado na ndala na waya mikononi.

Shauri letu la mwezi huu ni dogo. Baba mwenye koleo aiazime Jumamosi moja, aketi uani pamoja na watoto, wake na wa jirani, na jirani huyo awe wa kabila yo yote. Akunje kona moja mwenyewe, nao wamwonyeshe zilizobaki.

Mungu azibariki nyumba zenu.