Waya Upi Uingizwe Nyumbani?

Mzazi anayetaka kuingiza intaneti nyumbani siku hizi huonyeshwa tangazo lenye tarakimu kubwa: megabiti 20, 100, hata 500. Tarakimu hiyo ndiyo anayoilipia. Lakini ni wachache wanaouliza waya wenyewe ni wa namna gani, na ni watu wangapi wanaougawana.

Huko Marekani, watu walibishana kwa miaka mingi kuhusu njia mbili. Ya kwanza ni ile iitwayo DSL, ipitayo katika nyaya mbili za shaba za simu ya kawaida. Sauti ya binadamu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa nyaya hizo, na intaneti hupita katika nafasi iliyobaki. Baba huzungumza na simu huku mtoto akisoma. Uzuri wake ni kwamba waya ni wako peke yako mpaka kwenye kituo cha simu. Ubaya ni umbali. Aliye karibu na kituo hupata zile megabiti 8 zilizotajwa na ADSL ya mwanzo, na aliye kilomita tano huko anadondoshewa matone, ilhali ada ni moja!

Ya pili ni kebo, waya mnene ulioletwa na makampuni ya televisheni. Huo una nguvu kuushinda wa simu, lakini ni wa mtaa mzima. Saa nne asubuhi unakimbia. Saa mbili usiku, majirani wote wakitazama mpira, unajikokota. Tena njia zote mbili zimepanuliwa upande wa kupokea na kubanwa upande wa kutuma. Kasoro hiyo haikusumbua sana mpaka mwaka wa 2020, shule na afisi zilipofungwa kwa ajili ya Korona, ikabidi kila mtu aonekane na asikike kutoka mezani kwake.

Je, sisi tulichagua lipi? Hapana shaka shaba ingalitufaa, maana nguzo zilikuwako tangu zamani. Lakini Telkom, iliyoundwa mwaka wa 1999 shirika la posta na simu lilipogawanywa, ilirithi nyaya ambazo wezi walizikata na kuziuza kama vyuma vikuukuu, na simu za mkono zikawachukua wateja. Hata nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa na kuanza kazi mwaka wa 2009, intaneti ilijaa pwani bila njia ya kuifikisha mlangoni. Ndipo Zuku ikaleta kebo ya televisheni na intaneti pamoja, na Safaricom nayo ikaja na faiba, waya wa kioo usiojali sana umbali. Huko ng'ambo pia shaba inaagwa: AT&T iliacha kuuza DSL kwa wateja wapya Oktoba 2020.

Basi waya bora upo. Linalosikitisha ni kwamba mpangaji wa Nairobi hauchagui. Yako majengo ambamo mwenye nyumba amekubaliana na kampuni moja tu, na fundi wa kampuni nyingine harusiwi kupita langoni. Huduma ikiwa mbovu, mpangaji atahama kwa sababu ya waya? Wengine walikimbilia setilaiti za Starlink zilipofika Julai 2023, lakini mwishoni mwa 2024 zilisimamisha wateja wapya Nairobi kwa kuwa nafasi imejaa. Kumbe hata mbingu hugawanwa.

Anayetafuta nyumba na asimwulize mwuzaji. Amwulize jirani wa orofa ile ile jinsi intaneti inavyokwenda saa mbili usiku, na kasi ya kutuma ni kiasi gani. Kisha amwulize mwenye nyumba ni makampuni mangapi yanaruhusiwa kuvuta waya humo, na amwulize kabla ya kulipa amana.