Mahojiano Si ya Bure

Watafiti wanapenda Nsambya. Si mbali na katikati ya Kampala, Wakongomani tuko wengi, na mgeni akibisha hodi anapewa kiti. Mimi nafanya kazi na vijana hapa, na mara nyingi naitwa kutafsiri. Basi nasema ninachokiona: mahojiano mengi wanayotufanyia hayafai, na kosa si la mama anayejibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mwanafunzi wa sosholojia, intavyu ni mazungumzo ya kujua watu wanaishi vipi. Kwa mkimbizi, intavyu ni ile ya kuomba hifadhi, ambayo majibu yake yanapimwa na kamati iliyowekwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Au ni ile ya nchi ya tatu. Humo, tarehe ikigongana na uliyosema zamani, faili linaweza kukwama. Sasa anakuja mtu na daftari na simu ya kurekodi, anauliza yaleyale: ulitoka wapi, nani alikufa, ulikimbia lini. Mama atajibu nini? Atatoa maneno yaleyale ya kwenye faili. Halafu wanaandika eti wamesikia sauti ya wakimbizi. Wamesikia faili tu!

Eti alisaini karatasi ya kukubali. Ndiyo, ya Kiingereza, huku anaogopa kwamba akikataa ataharibu kesi yake.

Wengine wanasema kulipa kunaharibu majibu. Mbona dereva analipwa, mtafsiri analipwa, mtafiti mwenyewe ana pesa ya utafiti, na hawaharibiki? Anayezungusha vitenge akikaa nawe saa mbili, chakula cha jioni kimepungua. Mjini hapa hatupewi mgao.

Sisemi utafiti ukome. Barbara Harrell-Bond aliandika juu ya Waganda waliokuwa wakimbizi Sudan, na kitabu chake *Imposing Aid* cha 1986 kiliyakosoa mashirika ya misaada waziwazi. Mahojiano ya namna hiyo yana faida.

Kwa hiyo, mtafiti, kwanza sema kwa Kiswahili kwamba hii si intavyu ya nchi ya tatu. Pili, lipa muda wa watu. Tatu, rudi utusomee ulichoandika kabla hujakipeleka chuoni.

Na ninyi vijana mnaotafsiri, mkiitwa, ulizeni hayo matatu kwanza. Asiyekubali, mwambieni mama ana kazi.