Mjueni Chozi wa Milimani

Mwezi huu twapenda kuzungumza na vijana juu ya ndege anayezusha ubishi mwingi. Hapa kwetu Mbesa, mtoto arudipo kutoka kwa jamaa zake wa nyanda za juu huja na habari ya ndege wa kijani king'aacho, mwenye mkia mrefu na mdomo uliopindika, anywaye utamu wa maua. Mwenziwe aliyeona picha katika kitabu humjibu kwamba huyo ni ndege mvumaji. Basi huapizana, na kila mmoja humwita mwenziwe mwongo.

Hapana haja ya ugomvi. Ndege mvumaji haishi Afrika kabisa. Makao yake ni Amerika, na aliye mkubwa kuliko wote hukaa katika milima ya Andes, urefu wake kiasi cha sentimita 23. Ndege wetu ni chozi. Hawa wawili si jamaa wa karibu. Wamefanana midomo kwa kuwa riziki yao ni ya namna moja. Mvumaji hunywa akiwa angani, mabawa yakivuma, tena aweza kuruka kinyumenyume. Chozi kwa desturi hutua kwenye shina la ua ndipo anywe, ijapokuwa mara chache huelea kidogo.

Chozi mkubwa wa milimani ndiye aliyeandikwa na Carl Linnaeus mwaka 1766, na leo wataalamu humwita Nectarinia famosa. Dume hufikia kiasi cha sentimita 25 pamoja na mkia wake, ambao manyoya mawili ya katikati yamezidi mengine kwa urefu. Kifuani, ubavuni, ana vishungi vya manjano. Huonekana katika nyanda za Kitulo, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambazo watu huziita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake.

Yuko na ndugu yake, Nectarinia johnstoni, aliyepewa jina la Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884. Huyo vishungi vyake ni vyekundu, kwa dume na kwa jike. Katika milima ya Kenya na Kilimanjaro hupanda mpaka penye baridi kali, akinywa katika milobelia mikubwa, na dume huwafukuza wenziwe wasiikaribie. Basi mwenye kutaka kuwatambua na atazame vishungi kabla ya mkia.

Lakini linalotusikitisha sisi ni manati. Vijana humwacha dume kwa uzuri wake, wakampiga jike wakidhani ni kindege kisicho maana. Jike wa chozi mwenye vishungi vya manjano ni wa rangi ya udongo, tumboni manjano hafifu, wala hana mkia mrefu. Hata dume mwenyewe, majira ya kuzaa yakipita, hupoteza kijani chake akafanana na jike.

Na huyo adharauliwaye ndiye mwenye kazi. Jike hufuma kiota chake kwa nyasi na utando wa buibui, kiwe kama mfuko wenye mlango ubavuni, kisha huatamia mayai peke yake. Akipigwa wakati huo, mayai hupoa na kizazi hukatika. Makinda nayo hayalelewi kwa utamu wa maua tu. Huletewa wadudu na buibui. Tena chozi apitapo ua hata ua hubeba chavua kichwani, maua yakapata kuzaa mbegu.

Enyi vijana, mbora wa macho si yule aonaye king'aacho, maana hicho hata mtoto mchanga hukiona. Mtazameni na aliyevaa rangi ya udongo, mjue ni nani, kabla mkono haujavuta mpira. Nanyi wazazi, msiyanunulie manati makosa ya kesho. Wafundisheni watoto kukaa kimya karibu na ua lililochanua. Chozi atakuja mwenyewe.