Lisemwalo Halipo Mpaka Lithibitike

Miongoni mwa methali za Kiswahili iko moja inayopendwa kuliko inavyostahili: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wazee waliitumia kuonya watu wasipuuze dalili za mambo, na kwa kazi hiyo haina ubaya. Lakini katika zama hizi imepewa kazi isiyokuwa yake. Imefanywa hakimu. Mtu wa siasa akizushiwa neno, haulizwi aliyelizusha alete ushahidi. Huulizwa aliyezushiwa alete kinga. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukiri. Akijibu, kujibu kwake ni woga. Akileta hati, hati yake ni ya kughushi. Methali iliyotungwa kwa busara imegeuzwa kichaka cha wavivu wa kuuliza, na katika kichaka hicho wamejificha wenye blogu, wahariri, watangazaji, na hata wasomi wenye shahada.

Hapana mfano ufundishao zaidi kuliko uvumi uliomwandama Barack Obama, Rais wa 44 wa Marekani. Mfano huu unawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa karibu, maana uvumi wenyewe ulidai ya kuwa alizaliwa Mombasa. Ukweli wa jambo ulikuwa mwepesi. Obama alizaliwa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Baba yake alikuwa Mkenya aliyekwenda huko mwaka 1959 kusoma katika chuo kikuu. Mama yake alikuwa Mmarekani. Magazeti mawili ya Honolulu yalichapa habari ya kuzaliwa kwa mtoto huyo katika mwezi uo huo wa Agosti. Lakini Katiba ya Marekani hairuhusu mtu kuwa Rais isipokuwa awe raia wa kuzaliwa. Basi waliotaka kumwondoa katika mashindano bila ya kumshinda kwa hoja waliona njia fupi: wamnyang'anye mahali alipozaliwa.

Inafaa kutazama uvumi huo ulivyojengwa, tofali juu ya tofali. Tofali moja lilifyatuliwa Nairobi. Tarehe 27 Juni 2004, Obama alipokuwa akigombea kiti katika Baraza la Senati, gazeti la Sunday Standard lilichapa habari iliyotoka kwa shirika la habari la Marekani, na juu yake likaweka kichwa kilichomwita mzaliwa wa Kenya. Yamkini mhariri hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuwafurahisha wasomaji kwa fahari ya nyumbani, naye akaona neno moja la kuongeza si kitu. Miaka michache baadaye neno hilo moja lilikuwa likionyeshwa ng'ambo kuwa ni ushuhuda wa Wakenya wenyewe.

Tofali jingine lilitoka katika tafsiri. Mwezi wa Oktoba 2008 mhubiri mmoja wa Marekani alimpigia simu Mama Sarah Obama, bibi wa kambo wa mgombea, nyumbani kwake Kogelo katika Siaya. Maneno yalipita katika vinywa vya wakalimani. Bibi aliulizwa kama alikuwapo mjukuu wake alipozaliwa, na jibu lililofika ng'ambo lilikuwa ndiyo. Mhubiri alipozidi kudadisi, aliambiwa waziwazi ya kuwa Obama hakuzaliwa Mombasa bali Marekani, katika Hawaii. Lakini kanda iliyosambazwa ilikatwa kabla ya kufika hapo. Swali lilihifadhiwa, kosa likahifadhiwa, sahihisho likatupwa. Bibi kizee aliyemsifu mjukuu wake akafanywa shahidi wa kumshitaki.

Tofali la tatu lilikuwa la kughushi kabisa. Mwezi wa Agosti 2009 ilipelekwa katika mahakama ya California karatasi iliyodaiwa kuwa ni nakala ya hati ya kuzaliwa, ikitaja Mombasa. Juu yake paliandikwa Jamhuri ya Kenya, na tarehe yake ilikuwa ya Februari 1964. Mwanafunzi yeyote wa shule ya Afrika ya Mashariki angaliweza kuhukumu kesi hiyo kwa dakika moja. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, lakini haikuwa jamhuri mpaka tarehe 12 Desemba 1964. Karatasi ilitaja dola ambayo bado ilikuwa haijazaliwa. Hata hivyo ilienea katika blogu na katika mabaraza ya mazungumzo ya redio, ikasomwa na maelfu ya watu ambao hawakuuliza swali hata moja juu ya historia ya nchi iliyotajwa.

Sasa na iulizwe: nani alisema? Mwenye blogu husema amesoma gazetini. Mhariri wa gazeti husema anaripoti mjadala ulioko katika blogu. Mtangazaji wa redio husema yeye anauliza tu. Kila mmoja humwonyesha mwenziwe kidole, na duara hufungika bila ya kuwamo mtu hata mmoja aliyeona, aliyesikia kwa masikio yake, au aliyefungua daftari. Huu ndio ufundi wa uvumi. Haukai kwa mtu mmoja muda wa kutosha kudaiwa. Unafanana na sarafu bandia: kila mkono huipokea upesi na kuipitisha upesi zaidi, na kila mmoja huapa ya kuwa hakuifua yeye. Lakini sheria za nchi nyingi hazimhesabu mfuaji peke yake kuwa mkosaji. Humhesabu pia aipitishaye hali anajua kuwa ina shaka.

Lugha nayo imeshirikishwa katika hila hii. Kalamu za magazeti ya Kiswahili zimelewa neno moja, nalo ni inasemekana. Neno hili lina umbo linalostahili kuchunguzwa. Kauli ya kutendwa humtoa mtenda mlangoni, lakini humwachia ufa wa kurudia: limesemwa na fulani. Kauli ya kutendeka haimwachii ufa wowote. Hakuna aandikaye inasemekana na Juma, maana sarufi yenyewe inakataa. Mtoto aliyevunja kikombe hasemi amekivunja; husema kikombe kimevunjika, kama kwamba kikombe kilijiamulia. Mhariri aandikaye inasemekana waziri ameficha fedha anafanya kama mtoto huyo. Neno limesemeka, kama kwamba lilijisema. Mtoto husamehewa kwa umri wake. Mhariri anaomba msamaha kwa kitu gani?

Watetezi wa kalamu hizo wana hoja tatu, na haki inataka zijibiwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuuliza si kusema. Huu ni udanganyifu. Mwaka 2011 Donald Trump, aliyekuwa bado mfanyabiashara, alizunguka katika vituo vya televisheni akiuliza kwa nini Obama haonyeshi hati. Hati fupi ilikuwa imekwisha kuonyeshwa tangu Juni 2008. Tarehe 27 Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ilitoa hata hati ndefu. Maswali hayakukoma, kwa sababu hayakuwa maswali. Anayeuliza kwa kutaka kujua hunyamaza apatapo jibu. Anayeuliza kwa kutaka kutia doa huuliza upya. Ilimchukua Trump mpaka tarehe 16 Septemba 2016, akiwa mgombea, kutamka ya kuwa Obama alizaliwa Marekani, nako akatamka kwa maneno machache bila ya kuomba radhi. Katika miaka hiyo daktari mmoja wa jeshi, mwenye cheo cha luteni kanali, aliukataa mwaka 2010 amri ya kwenda Afghanistan kwa kuwa alitilia shaka haki ya Rais kuamuru. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha miezi sita na kumfukuza jeshini. Waliouliza tu walilala majumbani mwao. Aliyewaamini alilala gerezani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba uvumi ni gazeti la mnyonge. Wakubwa wakificha, wadogo hawana budi kunong'ona. Mfano hutolewa Tanzania ya mwaka 2021. Rais John Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Siku zikapita, minong'ono ikaenea ya kuwa ni mgonjwa. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwahakikishia watu mjini Njombe ya kuwa Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Polisi wakawakamata watu waliodaiwa kueneza uvumi wa ugonjwa wake. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa ya kuwa Rais amefariki Dar es Salaam kwa maradhi ya moyo. Je, hapo lisemwalo halikuwapo?

Jibu ni kwamba lilikuwapo, na halikuwapo. Katika kapu moja la minong'ono mlikuwamo neno la kweli, kwamba Rais anaumwa, pamoja na maneno mengi yaliyopingana: waliomweka hospitali ya Nairobi, waliompeleka India, na waliomzika kabla ya wakati. Raia hakuwa na njia ya kuchambua punje na makapi. Kubahatisha si kujua. Saa iliyosimama nayo hupatia mara mbili kwa siku. Lakini mfano huu una hatia yake nyingine, na hatia hiyo haiwi ya mnyonge. Nigeria ilionyesha jambo lilo hilo. Rais Muhammadu Buhari alikaa London kwa matibabu zaidi ya siku 100 mwaka 2017, na taifa halikuambiwa anaugua nini. Mahali pa habari pakajazwa na uzushi ya kuwa amekufa na kuwekewa mtu wa kufanana naye, hata Desemba 2018, akiwa ziarani Poland, akalazimika kutamka mbele ya watu ya kuwa yeye ndiye yeye. Penye ukimya wa serikali uvumi hupata nyumba ya bure. Mtawala anayefunga mlango wa habari hana haki ya kulalamika watu wanapochungulia dirishani.

Kwa hiyo hoja ya pili inamhukumu mtawala, lakini haimwachilii mwandishi. Serikali ikificha, kazi ya mwandishi ni kuandika kwamba imeficha: Rais hajaonekana kwa siku kadha wa kadha, ofisi yake imeulizwa siku fulani, na jibu halikutolewa. Maneno hayo yote yana ushahidi, nayo humbana mkubwa kuliko porojo mia. Porojo humpa mkubwa nafasi ya kukanusha moja iliyo ya uwongo na kuzikwepa tisini na tisa zilizobaki.

Hoja ya tatu hutoka upande wa wenye madaraka: uvumi na ukomeshwe kwa sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wapate leseni na kulipa ada. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2018. Dawa hii ina kasoro moja kubwa: mwenye kuamua lipi ni uvumi ndiye mara nyingi anayevumishiwa. Machi 2021 walikamatwa watu kwa kusema Rais ni mgonjwa. Hakukamatwa aliyesema ni mzima. Sheria itakayomfunga mwenye kukosea kwa kusema na kumwacha mwenye kukosea kwa kuficha haipigani na uwongo. Inautafutia mwenyewe mmoja.

Dawa ya kweli si ngeni katika nchi za Waswahili. Wanazuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja walirithi elimu ya hadithi, na katika elimu hiyo neno halipokewi kwa utamu wake, hupokewa kwa isnadi yake: fulani amesikia kwa fulani, naye kwa fulani, na kila jina hupimwa uaminifu na kumbukumbu. Mnyororo ukikatika, neno hudhoofika, hata liwe zuri namna gani. Wachunguzi wa historia nao hufuata mwendo huo. Habari za Pate zilizochapwa na Stigand mwaka 1913 zinajulikana zilitoka katika kinywa cha nani: Bwana Kitini. Kwa hiyo msomaji anaweza kuzipima, kuzilinganisha na nuskha nyingine, na kuzitia kasoro. Ni aibu ilioje kwamba habari za masultani waliokufa karne nyingi zina jina la msimuliaji, na habari za mbunge wa leo zinasemekana tu!

Basi sharti lirudishwe mahali pake. Mwenye kuleta habari ndiye mwenye deni la ushahidi. Mwenye kushika ofisi ya watu ana deni la kufungua daftari. Mwenye kusoma ana deni la kuuliza swali moja kabla ya kupitisha neno kwa simu yake: aliyesema ni nani, naye alijuaje? Na katika vyuo, mwalimu aupokeaye mtungo wa mwanafunzi wenye inasemekana bila ya kuuliza ni nani aliyesema, anamlea mhariri wa kesho kwa maziwa ya uzushi. Lisemwalo na lingoje nje mpaka mwenyewe alitaje jina lake. Asipotokea mwenyewe, lisifunguliwe mlango.